Mikono Safi ya Kwendea Kliniki

Ilianza Jumamosi, mwezi wa pili, saa moja na nusu asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya baba ilikuwa imetundikwa kwenye mti mwisho wa matuta na mtangazaji alikuwa ameitaja muda huohuo. Nilikuwa nimekumbatia mzigo wa majani ya tumbaku kifuani, mabichi, yanachuruzika maji ya mvua ya usiku, blauzi imelowa mpaka ndani. Ghafla mate yakajaa mdomoni. Nikayameza, yakajaa tena. Halafu shamba lote likainuka upande mmoja kama sinia linalomwagwa, na mimi nikapiga magoti nikatapika uji wa asubuhi juu ya majani niliyokuwa nimeyachuma mwenyewe.

Naandika haya sasa kwa kuwa nimepona. Na najua huko Sikonge, au Urambo, au Kaliua, kuna msichana mwingine anatapika mwisho wa tuta na hajui aseme nini. Mimi mwenyewe sikujua. Tena mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikilijua jibu nasubiri mwingine alitaje, kisha naitikia kwa kichwa kama vile na mimi nimelisikia leo.

Sisi ni watu wa Ipole. Nyumbani tunalima tumbaku, na baba ana mizinga ya nyuki porini. Jina langu Kabula, niko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Miaka yote nilikuwa nakaa kivulini na mama, tunafunga majani kwenye fito ili yaingizwe kwenye bani yakakauke kwa moto. Kuchuma ilikuwa kazi ya kaka yangu Masanja. Msimu huu Masanja ameenda machimboni Nzega, basi baba akasema, “Kabula si mrefu sasa? Achukue matuta ya kaka yake.” Nikachukua.

Jumamosi hiyo nililala mchana kutwa. Kichwa kinagonga, jasho la baridi, tumbo linakamatwa na kuachiwa. Jumapili nilienda kanisani nikiwa nimelegea. Jumatatu nikawa mzima kabisa, nikacheza netiboli. Jumamosi iliyofuata, vilevile.

Siku hiyo ya pili kibarua wetu mmoja, Bosco, alinikuta nimeshika mti, akacheka. “Mzee, njoo umwone binti! Kalewa tumbaku huyu!”

Wote wakacheka, hata mama akatabasamu. Kwetu kulewa tumbaku ni utani wa kuwacheka vibarua wageni. Wanakuja kutoka mbali hawajawahi kuliona jani, siku ya kwanza wanatapika, ya pili wanatapika, baadaye wanazoea. Mwenyeji halewi.

Baba hakucheka. “Huyu kazaliwa nyuma ya bani,” alisema. “Alewe kama kibarua wa kuja? Bosco, chuma tumbaku.”

Basi neno hilo likafa palepale. Hakuna aliyelitamka tena nyumbani, wala mimi.

Yakabaki maneno mengine. Baba alisema nimejua kupenda Jumatatu na kuchukia Jumamosi. Mama yeye alinitazama tu. Sketi ya shule ilikuwa inazunguka kiunoni, nikaibana kwa pini. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Harufu ya mafuta ya kukaangia ilinifukuza jikoni. Siku moja tunachambua nsansa, majani ya kunde ya kukausha, akaniuliza taratibu bila kuinua macho, “Mwezi wako umeuona?”

“Nimeuona, Mama.”

“Kweli?”

“Kweli.”

Akaendelea kuchambua. Lakini tangu siku hiyo kila nikienda kuoga niliona ameichungulia ndoo ya nguo zangu. Sikumchukia. Ila nililia huko bafuni, na bafu letu ni la matete, kwa hiyo nililia kwa kuuma kanga.

Mvua ikazidi, majani yakaanza kuiva yote kwa pamoja. Baba akasema nichume hata siku za shule kabla ya kwenda. Jumatano moja nilifika shule nimelowa, nikasimama mstarini, bendera ikipandishwa nikaiona inateremka, na mimi nikateremka nayo. Nilipofumbua macho matroni alikuwa ananipepea kwa daftari. Alimwita baba. Sijui walisemezana nini, ila nilisikia la mwisho: “Mzee, apimwe. Akikutwa hana, sawa. Akikutwa nacho, tujue mapema.”

Hakusema nini. Hakukuwa na haja.

Tunayo zahanati, na siyo mbaya. Lakini pale zahanati anayefagia ni shemeji wa fulani na anayekaa benchi ni mama wa fulani. Baba akaamua twende Tabora mjini, kwenye kliniki ya kulipia. Jina lake siliandiki. Mama alitaka kuja, baba akakataa. “Wewe baki na majani, yataoza. Mimi naenda naye nisikie kwa masikio yangu.”

Jioni ile mama alinikalisha kwenye kigoda akaniosha mikono. Ukichuma tumbaku mikono inashika gundi nyeusi, inanata, inaingia mpaka chini ya kucha, sabuni peke yake haiitoi. Mama alikata malimao, akachanganya na majivu, akasugua kwa gunzi. Alisugua mpaka ngozi ikauma.

“Usiende kwa watu na mikono kama ya mwizi wa asali,” alisema. “Watakuona wa porini, wakuhudumie hovyo.”

Asubuhi baba akasema nivae sare ya shule, nao wataniheshimu. Naye alivaa koti la ibada. Akabeba madumu mawili ya asali. Asali kwetu ndiyo benki, haiguswi mpaka jambo zito.

Kliniki ilikuwa na mlango wa kioo na baridi ya mashine. Televisheni ilionyesha tamthilia, watu wanalia ndani yake wamevaa vizuri. Dada wa mapokezi alikuwa na kucha ndefu, aliandika kwa pembe ya kidole.

“Shikamoo,” nilimwambia.

“Marahaba. Bima au fedha taslimu?”

“Fedha,” baba alijibu, akafungua leso.

Tulilipa kufungua faili. Tukakaa. Tukaitwa kulipa kumwona daktari. Tukakaa. Viti vilikuwa vya chuma, vinapitisha baridi kwenye sketi. Kila jina likiitwa baba alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena na kunyoosha koti. Sikuwahi kumwona baba anaogopa watu. Porini anapanda mti usiku penye nyuki. Pale alikuwa anashika madumu yake kwa miguu kama mtu aliye stendi.

Daktari alikuwa kijana, viatu vinang’aa, anaongea vizuri. Hakuwa mkali. Hilo nalisema ili nisimwonee. Lakini maswali yote alimwuliza baba.

“Anatapika tangu lini?”

“Kama mwezi hivi.”

“Asubuhi?”

“Asubuhi.”

Daktari akaitikia “mm” ndefu. Nilijua maana ya hiyo “mm”, na baba aliijua pia.

“Ana marafiki? Wa kiume?”

“Mwulize mwenyewe,” baba alisema, sauti nzito.

Daktari akanigeukia. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Nilitaka kusema hapana, lakini nikiwa naulizwa jambo kama hilo mbele ya baba, ulimi unalala. Nikatikisa kichwa. Wakati mwingine mtu wa aibu anaonekana mwongo kwa kuwa tu hajui aangalie wapi.

Ndipo akanishika mikono. Akaigeuza, akatazama viganja, akabonyeza kucha kuona damu. Akatabasamu, nadhani alitaka kunituliza.

“Mikono ya mwanafunzi hii. Hujawahi kushika hata jembe, wewe.”

Baba akacheka. Kicheko cha kwanza tangu tuondoke nyumbani. “Huyu ni wa kusoma, daktari. Kazi yake ni kitabu.”

Nilimtazama baba, nikaona anavyofurahi. Mtu mwenye koti jeupe amemwambia kwamba mtoto wake si wa shamba. Ningesemaje? Nikaificha mikono chini ya sketi, ilikuwa bado inawasha kwa limao. Daktari akaandika. Hakuuliza kwetu tunafanya kazi gani, na sisi tulikuwa tumekwisha kumjibu.

Tukatumwa kulipa vipimo. Damu, mkojo, choo. Kila kimoja na dirisha lake, na kila dirisha linakurudisha kwa yule dada wa kucha. Nikakojoa kwenye kikopo. Tukakaa tena. Tamthilia ikaisha, ikaanza nyingine.

Halafu mlango wa maabara ukafunguliwa, kaka mmoja akachungulia na kuita, mbele ya watu wote, “Nani wa kipimo cha mimba? Yule mwenye sare ya shule! Mkojo wako hautoshi, njoo na mwingine.”

Sijui niandikeje. Ukumbi mzima ulinigeukia. Baba alitazama sakafu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kipimo hicho kimo. Nilisimama, nikatazama mlango wa kutokea.

Karibu yangu alikuwa amekaa mama mmoja mnene, mguu umefungwa bendeji. Akapaza sauti kuliko yule kaka: “Na mimi nipimeni basi! Labda Mungu kanikumbuka uzeeni!”

Watu wakaangua kicheko, macho yote yakamhamia yeye. Akanishika mkono, akaninong’oneza, “Nenda mwanangu, usikimbie, tembea.” Nikatembea. Jina lake sikuuliza. Kila nikisali namtaja kama Mama wa Bendeji.

Kipimo kilionyesha sina kitu. Ungedhani yaliishia hapo. Daktari akasema kwa uhakika zaidi tupige picha ya tumbo. Baba akafungua leso, akahesabu kwa midomo, akaifunga.

“Dada,” alimwambia yule wa mapokezi, “mnanunua asali?”

“Asali ya wapi?”

“Ya Ipole. Ya miombo, haijachemshwa.”

Hapo ndipo kliniki nzima ikachangamka. Wauguzi wakaja, yule kaka wa maabara akaja, mlinzi akaja na chupa tupu. Walichovya vidole, wakalamba, wakasema imetiwa sukari huku wanalamba tena. “Mzee, punguza, sisi wenyeji wako!” Baba hajui kupatana na watu waliovaa sare. Dumu la kwanza liliondoka kwa bei ambayo nyumbani asingempa hata jirani. Mimi nimesimama pembeni nasubiri kupimwa tumbo, na daktari wangu mwenyewe ananunua asali yetu kwa kikombe.

Picha nilipigwa na mzee mmoja mpole, akanipaka kitu cha baridi. Akatazama, akasema, “Hamna kitu humu, ni njaa tu.” Baba alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia pumzi yake ikitoka ndefu, kama mtu anayetua gunia. Basi alikuwa amebeba muda wote ule.

Mwisho daktari akasema nina taifodi, na yutiai, na labda vidonda vya tumbo vinaanza. Nitundikiwe dripu, nichomwe sindano siku tano, dawa za kunywa mfuko mzima. Dumu la pili likabaki palepale kliniki. Baba aliniacha kwa Shangazi Tausi, dada yake anayeishi Isevya, hapohapo mjini, akarudi Ipole mikono mitupu.

Kwa shangazi ilikuwa raha, nakiri. Alinipikia wali wa Igunga, akanisuka, akanifukuza jikoni nisifanye kazi. Sindano ziliuma mpaka nikawa nakalia upande mmoja, akawa ananiita “Bibi Kona”. Lakini siku ya pili ya sindano sikuwa na kichefuchefu. Ya tatu nikamaliza sahani. Ya tano sketi ikakataa pini.

“Hela imefanya kazi!” baba alisema aliponiona. Aliwaambia majirani, akamwambia matroni, akamwambia Bosco kwa kumkazia macho. Kitabu cha kliniki akakiweka ndani ya Biblia.

Wiki niliyorudi jua lilikuwa kali, mvua imekatika. Nilichuma majani yasiyo na maji, sikuumwa. Mama akaimba. Nami niliamini kabisa kwamba taifodi imeondoka.

Tulipofunga shule kwa likizo ya Aprili, mvua ikarudi usiku. Asubuhi tukaingia shambani. Jua halijapanda juu ya bani, mate yakajaa mdomoni.

Nilitapika mpaka kikatoka kijani. Nililala chini ya mwembe wa jirani, siwezi kutembea, na nilipokuwa nimelala nikapata muda wa kufikiri, maana kichwa kikiuma sana hakiwezi kudanganya. Nilijiuliza, taifodi gani inaondoka likitoka jua na kurudi mvua ikinyesha? Kwa shangazi nilipona siku ya pili. Shuleni napona Jumatatu. Kaka Masanja alikuwa na koti la mvua, mimi maji ya majani yananilowesha kifuani mpaka kwenye ngozi. Nikainusa blauzi yangu. Nikatapika tena kwa harufu ile.

Nilijua. Lakini kujua si kusema.

Jioni tulikuwa mbele ya bani, baba anasukuma magogo kwenye moto, mama anamenya viazi vya kukata na kukausha viwe michembe. Baba hakunitazama. Alisema, “Kesho mbuzi wawili wanaenda mnadani Sikonge. Keshokutwa tunarudi kliniki. Daktari alisema kama haitaisha, kuna vipimo vikubwa zaidi.”

Nikaona ule ukumbi. Vile viti vya chuma. Yule kaka wa maabara anafungua mlango.

“Baba,” nilisema.

“Nini?”

“Ni umande.”

“Umande gani?”

Nikaangalia moto ili nisimwangalie. “Nikichuma yakiwa yamelowa naumwa. Yakiwa makavu siumwi. Baba, mimi nalewa tumbaku.”

Mama akasimamisha kisu. Baba akashika gogo, hakulisukuma. Nilingoja anigombeze. Nilikuwa tayari hata kwa kofi.

“Nani kakufundisha hayo?”

“Hakuna. Nimeona mwenyewe.”

“Daktari kasoma miaka mingapi? Kakuangalia mpaka tumboni.”

“Hakujua nachuma, Baba. Alisema sijashika hata jembe. Na sisi tukanyamaza.”

Mama akasema chini chini, “Mikono niliisugua mimi.”

Baba akakaa kwenye gogo lenyewe, ubavuni mwangu, jambo ambalo hafanyi.

“Mimi nilitapika misimu mitatu,” alisema. “Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Babu yako alinichapa, akasema naigiza. Nikajifunza kutapikia mbali.”

“Kumbe ulijua?” mama alimwuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Sikutaka kujua. Nilisema huyu anasoma, mwili wake utakuwa na magonjwa ya watu waliosoma, ya kupelekwa kliniki. Siyo haya yetu.” Akajifuta uso kwa koti. “Na lile la mimba lilinitisha. Nikitishwa nakuwa mjinga.”

Nikamwuliza kuhusu kesho, kama nichume.

“Majani yameiva, Kabula. Yakipita siku mbili hayafai. Kesho tutaona.”

“Tutaona” ya baba mara nyingi ni ndiyo ya kazi. Nililala nikijua hivyo.

Wewe unayesoma na una hali kama yangu, nenda ukatibiwe, sikukatazi. Huenda yako ni kitu kingine. Lakini mwambie daktari mikono yako inafanya kazi gani, hata kama hajauliza, hata kama imeoshwa. Mwambie hata kama baba yako yupo na anacheka kwa furaha.

Asubuhi yake iliponyesha mvua ya manyunyu, Bosco na mwenzake walikuwa wamekwisha fika uani. Baba akaita kama kawaida, “Kabula!”

Nilitoka. Nilikuwa nimevaa nguo za nyumbani, si za shamba. Mbele ya wote nikasema, “Shikamoo Baba. Nitakuja umande ukikauka.”

Bosco akainua nyusi. “He! Mzee, leo binti kagoma?”

Baba alisimama na panga mkononi. Alinitazama, akatazama njia ya shambani, majani yale makubwa yanang’aa kwa maji. Nilihesabu hasara usoni mwake.

“Hajagoma,” alisema. “Umande haujakauka.” Kisha akaegemeza panga ukutani. “Na nyie kaeni kwanza. Kuna uji.”

Wakatazamana. Bosco akavua kofia, akakaa.

Nikaingia jikoni. Uji ulikuwa wa sisi watatu tu, basi nikaongeza maji kwenye sufuria, nikachota unga mwingine, nikakoroga.